Nitunzie Hii Jumamosi

Saa kumi na robo alasiri, siku ya Jumatano, nilikuwa juu ya ngazi katika ghorofa moja ya Posta, bisibisi mkononi, nikifunga bomba la pazia, simu ilipoita mfukoni. Nina kanuni ya kutopokea simu nikiwa juu ya ngazi. Ikakatika, ikaita tena, nikashuka. Alikuwa Mariamu, binti wa Dada Salima. "Shikamoo, Anko Longi," akasema, na kwa jinsi alivyoitamka hiyo shikamoo, polepole, kama mtu anayeweka chini kitu kizito, nilijua kinachofuata. "Marahaba, mwanangu." "Mama hatunaye tena." Maziko yangekuwa kesho yake baada ya sala ya adhuhuri. Nilimwambia mwenye nyumba kwamba pazia la pili litasubiri, nikakusanya vifaa vyangu, nikatembea kwa miguu hadi dukani kwangu, Barabara ya Uhuru. Pale nyuma ya meza ya kukatia kuna picha ya rangi za mafuta, ndege wawili wenye shingo ndefu waliochorwa juu ya hadibodi. Wateja huniuliza bei yake na mimi huwajibu kwamba haiuzwi. Niliiteremsha, nikang'oa misumari midogo ya nyuma, nikatoa leso nyeupe iliyofungwa fundo pembeni. Fundo lilikuwa bado gumu. Nikaitia mfukoni, nikakaa juu ya robota la vitambaa mpaka walipoadhini magharibi.

Mwaka niliopewa leso hiyo nilikuwa na miaka ishirini, na nilikuwa nimekuja Dar es Salaam kutoka Masasi kushona mapazia. Ya kwetu nayaacha, hayahusiki hapa. Nilipanga chumba Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, katika nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi mrefu katikati na ua nyuma, mahali ambapo leo pana ghorofa la maduka ya simu. Kuta za vyumba vile hazikufika juu kwenye bati. Mtu akikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha sita alimwambia pole. Kwa njia hiyo nilijua nani anadaiwa, nani anaota kwa sauti, nani amepika wali wa nazi akajifanya amepika ugali. Sikuwa na redio na sikuihitaji. Kitu nilichokuwa nacho ni ukuta wa picha. Mama muuza vitumbua wa pale kona alinunua majarida ya zamani ya Kizungu kwa uzito, Mchikichini, kwenye mitumba, akayachana kufungia vitumbua, na mengi yalikuwa ya nyumba: sebule, vyumba vya kulala, madirisha mapana yenye mapazia ya marinda. Nilikula vitumbua, nikaipangusa karatasi kwa unga wa mhogo ili inyonye mafuta, nikaibandika ukutani. Nilijifunza kusoma maelezo yake neno kwa neno. Baada ya miezi michache ukuta mzima ulikuwa na vyumba kama ishirini, na kila kimoja nilikijua kitambaa chake, upana wa dirisha lake na kosa lake kama lilikuwapo. Dada Salima alipochungulia mara ya kwanza alicheka mpaka akajishika mlango. "Longi, wewe ni mtu wa ajabu. Una chumba, halafu unatundika vyumba ndani yake."

Yeye alipanga chumba cha mkabala na changu. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kidogo, fundi wa kudarizi, na chumba chake ndicho kilichonifundisha kwamba uzuri wa nyumba hautegemei ukubwa. Alikigawa kwa pazia jepesi, nyuma kitanda, mbele makochi mawili madogo yaliyovikwa vitambaa vyeupe alivyovidarizi mwenyewe, na kabati la vyombo lenye vikombe vya maua ambavyo hakuna aliyewahi kuvinywea. Chai yetu tulinyweshwa kwa vikombe vya bati. "Vile ni vya kutazama," alisema, "mdomo una vyake, na macho yana vyake." Ukutani alitundika kurasa za kalenda za miaka iliyopita. Hakujali tarehe. Alitaka picha za juu: bandari ya Mombasa, mashamba ya chai ya Lushoto, meli ya ziwani, stesheni ya reli yenye saa kubwa. Alizipanga kwa mfuatano wa safari, kuanzia mlangoni, kana kwamba mtu akiingia anapanda gari. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa Kilwa, na upande wa kaskazini hakuwahi kuvuka Chalinze. Jioni alipokuwa anatia uzi kwenye sindano alinionyesha kwa kidole: "Hapa unashuka, unakunywa uji. Hapa unalala. Hapa bahari inakuwa upande wako wa kulia." Nilimuuliza aliyajuaje. "Nauliza wanaorudi," akasema. Nikiangalia sasa naona tulikuwa na ugonjwa mmoja, mimi wa vyumba na yeye wa njia, na wote wawili tulikuwa tunautibu kwa karatasi.

Penzi lake la tatu lilikuwa taarabu. Shoga yake mkubwa, Zaituni, alikuwa mwimbaji wa kikundi kilichopiga kila Jumamosi katika ukumbi mmoja karibu na Msimbazi, na Salima ndiye aliyemshonea magauni tangu anaimba nyuma ya wengine mpaka akasimama mbele. Lakini wakati mimi nahamia nyumba ile wawili hao walikuwa hawasemezani, na chanzo kilikuwa pazia. Zaituni alipoolewa, mke wa pili kwa mfanyabiashara wa viatu, Salima alimdarizia pazia la mlango lenye tausi aliyefunua mkia, kazi ambayo watu walikwenda kuitazama. Baadaye mama mmoja akaja na kitambaa chake, akataka tausi kama yule yule, akalipa, akaondoka. Hakusema kazi ni ya nani. Ilikuwa ya mke mkubwa. Sikukuu ya Idi Zaituni alikwenda kumsalimia mke mwenzake, akamkuta tausi wake mlangoni. Hakuuliza. Watu wa mjini hawaulizi, wanaimba. Jumamosi iliyofuata alitia ubeti wa fundi mwenye sindano moja na milango miwili, ukumbi mzima ukageuka kumtazama Salima, na Salima akainuka akatoka.

Aliyetaka kuwapatanisha ni Bi. Chiku, mwenye nyumba wetu. Alikuwa amefiwa na mumewe na yumo ndani ya eda, kwa hiyo hakutoka nje, na wanaume tuliongea naye akiwa nyuma ya pazia la mlango wake. Zaituni alipokuja kumpa pole, Bi. Chiku alimzuia kwa chai na mihogo ya kukaanga, na kwa kuwa kuta zilikuwa zile nilizozieleza, niliyasikia yote nikiwa nimelala chali kitandani.

"Ulimuuliza lakini?"

"Nimuulize nini, Bi. Chiku? Tausi nimemwona kwa macho yangu."

"Tausi hana jina la mtu mkiani. Kaletewa kitambaa, kashona. Angejuaje?"

Kijiko kikazunguka kikombeni. "Na safari ndiyo hiyo imefika," Zaituni akasema mwishowe, kwa sauti ya chini zaidi. "Tunaenda Tanga, halafu Mombasa, harusi juu ya harusi. Nahitaji fundi wa sare. Nimezunguka kwa mafundi wengine, wote wananishonea magunia."

"Si umchukue."

"Aje Jumamosi anitunze mbele za watu, yaishe. Nikimwona kanitunza, kiti chake kwenye gari kipo, pembeni yangu."

Neno lile lilipita masikioni mwangu bila kunishtua. Kwetu kutunza ni kuweka kitu kisiharibike, au kumwangalia mgonjwa. Nikafikiri: huyu mama anataka kutunzwa, na nani asiyetaka? Nikageukia ukuta nikalala.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa za furaha kuliko zote nilizoishi katika nyumba ile. Kikundi kilitaka pazia jipya la jukwaa, na Salima, kwa kuwa sulhu ilikuwa njiani, aliichukua kazi na kunishirikisha. Tulitandaza mahameli ya rangi ya zabibu ukumbini kutoka mlango wa mbele hadi uani, wapangaji wakapita ukutani kama kaa. Mimi nilikata na kupanga marinda, yeye akadarizi pindo kwa uzi wa dhahabu. Mpangaji wa chumba cha tano, utingo wa malori, alikuwa akisimama kututazama huku anakula. "Longi, hilo pazia au ni shamba? Nyie watu wa korosho mkiona uwazi mnataka kupanda tu." Salima alimjibu kabla yangu: "Pita, utalimwagia mchuzi, na ukilimwagia utavaa wewe." Na mabaki ya mahameli alishonea begi la safari, lenye mfuko wa nje kwa ajili ya chanuo na mfuko wa ndani ambao alikataa kunieleza ni wa nini. Kila asubuhi nililiona begi lile limewekwa juu ya kochi, tupu, limetazama mlango.

Alhamisi jioni ikaja habari kutoka Kilwa kwamba mama yake amezidiwa. Enzi hizo daraja la Rufiji lilikuwa halijajengwa. Mtu alivuka kwa pantoni, na pantoni ikiharibika alilala ng'ambo. Salima alijua kwamba Jumamosi hatakuwapo. Hakuna aliyebishana naye, maana mama ni mama. Alfajiri ya Ijumaa nilikuwa uani napiga mswaki, akaja mbiombio na kanga mbili, mtu wa kumsindikiza akimwita toka barazani kwamba basi litaondoka. Alinishika mkono, akanitia kiganjani leso nyeupe yenye fundo. "Longi, nitunzie hii Jumamosi. Ndugu yangu, usinisahau. Safari yangu yote imo humo." Povu lilikuwa limejaa mdomoni, nikaitikia kwa kichwa. Akaondoka. Begi la mahameli alilipita pale kwenye kochi bila kulichukua. Alibeba nguo kwenye kanga ya zamani iliyofungwa pembe.

Nilifungua leso, nikahesabu shilingi elfu tano, kama mpokea amana anavyopaswa, nikaifunga tena. Halafu nikalitafakari neno Jumamosi, kwa kuwa mimi ni mtu wa kutafakari maneno. Kwa nini Jumamosi, na siyo Ijumaa au Jumapili? Nikapata jibu lililoniridhisha: Jumamosi nyumba yote itakwenda ukumbini, vyumba vitabaki wazi kwa wezi, kwa hiyo siku hiyo hasa ndiyo ya hatari. Niliona fahari kwamba ameniamini mimi na hakumwamini utingo. Jumamosi mchana Bi. Chiku aliniita. Nikasimama mbele ya pazia lake la mlango.

"Salima kakuachia?"

"Kaniachia, Bi. Chiku."

"Haya. Usisahau kumtunzia. Zaituni nimeshampelekea habari kwamba kakuachia wewe. Ni jambo kubwa hilo."

"Siwezi kusahau. Nimezitunza vizuri sana."

Nikasikia ameguna kidogo, kama mtu aliyeona uzi umeruka tundu lakini hana uhakika. Angekuwa ananiona usoni, nadhani angeniuliza zaidi. Lakini kati yetu palikuwa na pazia, na mimi ndiye niliyelishona, zito, la marinda mawili mawili.

Onyesho lilikuwa la alasiri, kwa ajili ya akina mama ambao usiku hawatoki. Nilivaa shati jeupe. Leso niliitia mfuko wa suruali nikaubana mfuko kwa pini mbili. Kazi yangu ilikuwa kuvuta kamba ya pazia, kwa hiyo nilikaa kwenye kiti kando ya jukwaa, mahali ambapo ukumbi wote uliniona. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia taarabu kwa karibu. Sijui kuieleza zaidi ya kusema kwamba fidla zilipoanza nilihisi mtu ananipimia mabega. Wanawake waliinuka mmoja mmoja, wakasogea kwa madaha, noti imeshikwa kwa vidole viwili juu ya kichwa, wakaiweka kiganjani mwa mwimbaji au wakaibandika kwenye paji la uso, wakarudi wakicheza. Nilidhani ni ukarimu wa watu wenye fedha. Kwetu waimbaji tunawapa chakula. Kisha Zaituni akatoka na gauni la zamani ambalo Salima alimshonea, na alipolivaa kila aliyejua habari ile alielewa maana yake. Mimi niliona tu kwamba mshono wa bega umekaa vizuri.

Aliimba wimbo wa watu wawili waliokosana kwa neno la mtu wa tatu. Aliufikia ubeti wa mwisho, akaurudia. Akaurudia tena akisogea upande wangu. Nilifurahi, nikajua analisifu pazia. Nikainamisha kichwa kwa adabu. Akaimba mara ya nne akiwa amesimama mbele yangu kabisa, mkono ameunyoosha, kiganja juu, na jasho linamtoka kwenye nyusi. Nyuma yangu wanawake wakaanza kusema, mmoja, kisha safu nzima: "Tunza! Tunza wewe! Tunza!" Nikaona hawa ni watu wema, wamemwona mwizi karibu yangu. Nikauweka mkono juu ya mfuko, nikaubana kwa nguvu.

"Natunza, dada zangu," nikawajibu. "Natunza."

Kuna mtu alicheka, halafu akanyamaza. Zaituni alikunja kiganja chake taratibu, kidole kimoja kimoja. Nikaona rinda la pazia limejikunja karibu na bega lake, nikainuka kulinyoosha, nikarudi kukaa. Aliumaliza wimbo akiwa amegeukia upande wa pili. Walipomaliza kupiga alinipita pale kwenye kamba, akasimama. "Mwambie dada yako nimeona," akasema. "Asante sana," nikamjibu. "Nitamwambia."

Nilirudi nyumbani nimeridhika. Nilimhadithia Bi. Chiku kupitia pazia lake: ukumbi ulivyojaa, mahameli yalivyopendeza, na salamu za Zaituni. "Kasema nimwambie Dada Salima ameona." "Ameona nini?" "Pazia." "Longi, mwanangu. Ulimtunza wimbo gani?" Nikamwambia sikumtunza mtu, nimetunza hela, hizi hapa, nikazitoa na pini zake nikazipitisha chini ya pazia ili aone. Mkono wake ulitokea, wenye hina iliyofifia, ukaigusa leso, ukarudi ndani. Halafu akaanza kunieleza, polepole, kama unavyomweleza mtu njia ya kwenda hospitali, kwamba mjini neno hilo lina kazi mbili. Kutunza ni kuweka. Na kutunza ni kumpa mwimbaji, mbele za watu, kwa jina lako au kwa jina la aliyekutuma. Nilimsikiliza nikiwa nimesimama. Baadaye nilikaa chini.

Kesho yake alinituma Mchikichini kwa Zaituni. Mlangoni kwake hapakuwa na tausi tena, palikuwa na shuka la maua. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono kiunoni, huku anageuza maandazi kwenye mafuta. "Mtu mzima, una ndevu, hujui kutunza?"

"Kwetu kutunza ni kuweka, dada."

"Kwenu wapi?"

"Masasi."

"Huko Masasi nyimbo mnaziweka kabatini?" Nilidhani atacheka. Mdomo wake ulianza, ukasita. Nikamnyooshea leso. Hakuitazama. "Kaka'ngu, sikiliza. Tunzo la mbele za watu ni tunzo. Tunzo la uani ni sadaka, na mimi sijafika huko. Watu mia wamekuona umebana mfuko. Nikimchukua kwenye gari watasema nini?" Akaniwekea maandazi matatu kwenye karatasi, kwa kuwa sikuwa nimekula na uso wangu ulionyesha. Karatasi ilikuwa ya jarida, ina picha ya sebule yenye dirisha la duara. Ile sikuibandika ukutani.

Kikundi kiliondoka Jumanne. Salima alirudi Alhamisi, mama yake amepata nafuu, na tayari alikuwa amepewa habari njiani, ila nusu. Alikaa kwenye benchi la ukumbini bila kuingia chumbani kwake. "Njoo, Longi. Nilikwambia nini? Nataka neno kwa neno."

"Ulisema, Longi, nitunzie hii Jumamosi."

"Na wewe?"

"Nikakutunzia."

Alinitazama. Kicheko kilimjia kutoka mbali, akacheka akapiga paja, utingo akatoka chumbani kuangalia kuna nini. Alicheka mpaka machozi, na mahali fulani katikati, sikuona hasa wapi, kicheko kikaisha na machozi yakaendelea. Utingo alirudi ndani akafunga mlango taratibu. Nilimpa leso. Aliipangusia uso, fundo na vyote, akanirudishia. "Hujakosea, ndiyo tabu yake," akasema. "Mtu angekula hizi hela ningemtukana, moyo ungetulia. Sasa wewe nitakutukana nini? Basi. Endelea kunitunzia."

Miezi iliyobaki ya mwaka ule ndiyo iliyonifanya fundi. Kwa kuwa hakusafiri, alikuwapo, na kwa kuwa alikuwapo alinifundisha: kudarizi pindo, kulisoma dirisha kabla ya kulipima, kumtazama mteja anavyokaa kwenye kochi ili ujue anataka mwanga au anauogopa. Picha za kalenda hakuziondoa. Begi la mahameli alilitia nyuzi. Jumapili moja alinipeleka Posta kuona wachoraji waliopanga kazi zao kando ya njia, akasimama mbele ya ndege wawili wenye shingo ndefu kwa muda ambao ungemtosha mtu kula chakula cha mchana, akawanunua, akanipa. "Nyuma ya hawa panatosha kuweka ile amana." Jumapili nyingine tulikwenda kusikiliza bendi ya dansi, na katikati ya wimbo akanitia noti moja mkononi. "Tunza," akasema, na alipoona mkono wangu unakwenda mfukoni kwa mazoea alinipiga kofi la bega lililosikika mpaka kwenye magitaa. Nilinunua kamusi ya mitumba siku hizo, kuukuu, haina jalada. Maana zote mbili zimo. Tangu hapo mteja akiniambia neno ninalolijua vizuri, namuuliza analitumiaje, na wengi hudhani mimi ni kiziwi kidogo.

Zaituni alirudi na jina kubwa. Yeye na Salima walisalimiana kwenye harusi za watu, "hujambo", "sijambo", lakini hakuna aliyevuka kizingiti cha mwenzake. Salima alipata mume, akampata Mariamu, wakahamia Ilala. Alifika Tanga mara moja. Mombasa hakufika. Kila nilipomtembelea aliniuliza, "Bado unanitunzia?" na mimi nilijibu bado, na huo ukawa utani wetu wa kufungulia mazungumzo, mpaka mwaka jana hata utani ulipoanza kumchosha.

Baada ya maziko nilikaa nje chini ya turubai pamoja na wanaume. Mariamu akaja akaniinamia sikioni. "Anko, samahani, huku ndani kwa kina mama bomba la pazia limeanguka. Watu wanaonekana kutoka barabarani." Nilichukua bisibisi yangu, ambayo siiachi hata msibani, nikaingia nimeinamisha kichwa. Wanawake walijisogeza kwenye mikeka wakanipa njia. Nilifunga bomba, nikapanga marinda, nikasikia sauti nyuma yangu, nene kuliko zamani. "Wewe siyo yule wa mfukoni?" Alikuwa ameketi karibu na ukuta, mguu mmoja ameunyoosha kwa maumivu, mkongojo pembeni. Alikuwa amevuka kizingiti.

"Ndiye, Bi. Zaituni. Shikamoo."

"Marahaba." Aliniangalia kwa muda. "Nilijua, unajua. Bi. Chiku alimtuma mtu akanikuta Tanga, akanieleza tena yote. Nikasema kweli, maana uongo wa namna ile hakuna anayeweza kuutunga. Lakini gari lilishaondoka, na mimi kichwa changu ndicho hicho." Alilainisha kanga gotini. "Kiti chake hakukaa mtu. Niliweka pochi yangu juu yake kutoka hapa mpaka Mombasa. Kila anayetaka kukaa namwambia kina mwenyewe. Na mimi nilitunza, kaka'ngu. Nilimtunzia kiti."

Zaituni akaunyoosha mkono, kiganja juu, vile vile. Nikaitoa leso, nikajaribu kufungua fundo, vidole vikanishinda, nikaiweka kiganjani mwake kama ilivyo. Mama mmoja aliyekuwa akipokea rambirambi akauliza aandike jina la nani. "Usiandike," Zaituni akasema. "Hii siyo rambirambi, ni tunzo la Salima." Alilifungua fundo kwa meno, akazitandaza noti kwenye mkeka mbele za watu, moja moja, noti za zamani zilizokwisha kuondolewa kwenye mzunguko, ambazo leo hazinunui hata kiberiti, akazihesabu kwa sauti. Zilikuwa zimetimia: shilingi elfu tano.